Jua namba ya trekta lako kabla hujapanda basi kufuata spea

MVUA za kwanza zinaponyesha, kila saa ya trekta ina bei yake. Wenye mashamba wanapanga foleni kwa mwenye trekta, na mwenye trekta naye anahesabu siku, maana ardhi haitasubiri na mbegu haitasubiri. Ni katika kipindi hicho kifupi ndipo kifaa kidogo cha shilingi elfu chache kinapoweza kusimamisha kazi ya kijiji kizima.

Kinachofuata kinajulikana na wengi. Fundi anafungua, anatoa sili ya mafuta iliyochanika au beringi iliyokwisha, anaifunga kwenye gazeti, na mtu anapanda basi kwenda mjini. Dukani anaulizwa swali moja: “Ya trekta gani?” Anajibu: “Massey, ile nyekundu.” Anapewa kinachofanana. Akirudi kijijini, fundi anakijaribu, anatikisa kichwa na kusema hakiingii. Kesho yake safari inaanza upya.

Hasara ya namna hii mara nyingi hutupiwa spea bandia. Ni kweli kwamba spea bandia zipo, na Tume ya Ushindani imekuwa ikizikamata bidhaa za namna hiyo na kuziteketeza. Lakini kuna hasara nyingine ambayo haitokani na udanganyifu wa mtu yeyote. Ni ya spea halisi, nzima, yenye ubora wake wote, ila imetengenezwa kwa ajili ya mashine nyingine. Muuzaji hakudanganya. Mnunuzi hakujua anachokitafuta.

Gharama ya kutojua

Wakulima wengi wanaihesabu hasara hii kwa nauli na bei ya spea iliyokosewa. Hesabu hiyo ni fupi mno. Chukua mfano wa mwenye trekta anayetoza Sh 60,000 kulima ekari moja, naye hulima ekari nane kwa siku. Mapato yake ya siku ni Sh 480,000. Tuseme nusu ya fedha hizo huishia kwenye dizeli na malipo ya dereva. Kinachobaki ni Sh 240,000 kwa siku. Trekta likisimama siku mbili kwa safari moja ya spea, amepoteza Sh 480,000. Spea ikikosewa na safari ikarudiwa mara mbili zaidi, siku sita zimekwenda na Sh 1,440,000 zimekwenda nazo, kabla hata ya kuhesabu nauli. Na kilichoharibika ni sili inayouzwa labda Sh 15,000.

Hapo bado wateja wake hawajahesabiwa. Mkulima wa mahindi anayetegemea mvua akichelewa kupanda, mavuno yake hupungua, na pungufu hilo hakuna atakayemlipa. Wengine hawasubiri. Wanahamia kwa mwenye trekta mwingine, na msimu ujao huenda wasirudi.

Kwa hiyo swali la “trekta gani” lina uzito wa fedha. Anayeweza kulijibu kwa ukamilifu ana mtaji ambao jirani yake hana.

Massey si moja

Watu wengi husema Massey Ferguson 165 kana kwamba jina hilo linatosha. Halitoshi. Matrekta ya 165 yaliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1964 yalitoka kwanza na injini ya Perkins 4.203, na ya baadaye yakapewa Perkins 4.212. Tarakimu hizo zina maana. Namba 4 ni idadi ya silinda, na 203 au 212 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo. Silinda ya 4.203 ina kipenyo cha milimita 91.4, na ya 4.212 ni milimita 98.4. Mtu anayeomba “pistoni za 165” atapewa zilizopo dukani, na bahati ndiyo itakayoamua kama zitaingia.

Mfano mwingine unatatanisha zaidi. Trekta la MF 265 lililotoka Uingereza hutumia Perkins 4.236, na la MF 290 hutumia Perkins 4.248. Kwa macho injini hizi mbili zinafanana mno. Lakini pistoni ya kwanza ni ya silinda ya milimita 98.4, na ya pili ni ya karibu milimita 101. Tofauti ni milimita mbili na nusu tu, ambayo jicho halioni ila silinda inaijua. Kwenye injini za Perkins zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970, namba iliyogongwa kwenye bloku huanza na herufi: LD ni ya 4.236 na LF ni ya 4.248. Herufi hizo mbili zikiandikwa kwenye karatasi, zinamaliza ubishi wote wa dukani.

Kuna jambo jingine. Matrekta ya muundo wa Massey Ferguson yametengenezwa pia India na kiwanda cha TAFE, na Pakistani na kiwanda cha Millat. Spea nyingi huingiliana na za Uingereza, lakini si zote. Aidha, trekta lililofanya kazi miaka 40 huenda limekwishabadilishwa injini, giaboksi au pampu ya haidroliki, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Boneti inasema jambo moja na injini inasema jingine. Ndiyo maana namba ya injini husomwa kwenye bloku ya injini yenyewe, na namba ya trekta husomwa kwenye kibati chake. Kibandiko cha pembeni ni pambo.

Hata namba ya trekta ina kazi zaidi ya kuthibitisha umiliki. Kiwanda hubadilisha vifaa katikati ya uzalishaji bila kubadilisha jina la trekta. Katalogi ya spea huandika kwamba kifaa fulani kinatumika hadi namba fulani, na kuanzia namba inayofuata kinatumika kingine. Asiye na namba hiyo hana njia ya kujua yuko upande upi wa mstari.

Pawatila na injini za Kichina

Wenye pawatila wana tatizo lao. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, matrekta haya madogo ya mkono yalinunuliwa kwa wingi na kusambazwa katika wilaya nyingi za Tanzania. Yalitoka China, India, Thailand na kwingineko, yakiwa na majina tofauti ubavuni. Baadhi ya majina hayo hayana duka lolote nchini leo.

Hata hivyo mwenye mashine ya jina lisilojulikana asikate tamaa haraka. Injini nyingi za Kichina za silinda moja hujitambulisha zenyewe. Katika S195, tarakimu 1 ni idadi ya silinda na 95 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. ZS1115 ni silinda moja yenye kipenyo cha milimita 115. R175 ni milimita 75 na R180 ni milimita 80. Injini ya S195 imetengenezwa na viwanda vingi nchini China, hivyo pistoni, ringi na laina kwa kawaida hupatikana hata kama kiwanda kilichounda pawatila yenyewe hakijulikani. Vifaa vya nje, kama tangi na rejeta, ndivyo vinavyoweza kutofautiana.

Somo hapa ni kwamba mashine moja ina vitambulisho viwili au vitatu: cha chombo chenyewe, cha injini, na wakati mwingine cha giaboksi. Kila kifaa kinachotafutwa kina kitambulisho chake kinachokihusu.

Jambo hilo linawahusu pia vijana walioanza kazi ya kukata nyasi kwenye shule, viwanja vya mpira na hoteli kwa mashine za kukalia zilizokwishatumika ng’ambo. Mashine hizo huuzwa kwa majina mengi, lakini injini mara nyingi ni ya kampuni nyingine kabisa. Kwenye injini za Briggs & Stratton za Marekani, kwa mfano, kuna mafungu matatu ya tarakimu: modeli, aina na kodi. Kodi huanza na mwaka, mwezi na siku injini ilipotengenezwa. Anayetafuta kabureta au gasketi apeleke mafungu yote matatu. Anayetafuta mkanda wa visu au visu vyenyewe apeleke namba ya mashine, kwa sababu hivyo si mali ya injini.

Sampuli haitoshi

Mafundi wengi watasema hakuna haja ya namba zote hizo, kwani kifaa cha zamani kikipelekwa dukani kitalinganishwa na kipya. Desturi hiyo imesaidia watu wengi na haipaswi kudharauliwa. Kifaa cha zamani kiendelee kupelekwa. Lakini kisiende peke yake, kwa sababu mbili.

Kwanza, kifaa kilichoharibika si kipimo cha kuaminika. Bushi iliyolika imepanuka, shafti iliyolika imepungua, na sili iliyoungua imejikunja. Anayepima kilichochakaa anapata saizi ya uchakavu. Pili, na hili ndilo baya zaidi, kifaa kilichotolewa huenda nacho kilikuwa cha kubahatisha. Fundi wa mwaka juzi alikifunga kwa nguvu ili msimu upite. Huenda hiyo ndiyo sababu kimekufa mapema. Kukipeleka kama sampuli ni kununua kosa lile lile mara ya pili.

Injini iliyowahi kufanyiwa ukarabati mkubwa inahitaji uangalifu zaidi. Krenki ikishachongwa, beringi zake haziwi tena za saizi ya kiwandani. Kwenye injini za vipimo vya inchi, huwa za 010, 020 au 030, yaani elfu kumi, ishirini au thelathini za inchi. Asiyejua krenki yake imechongwa mara ngapi ataletewa beringi za kiwandani, na injini itagonga kabla ya kumaliza shamba la kwanza.

Namba zinazosomeka bila katalogi

Habari njema ni kwamba vifaa vingi vinavyokufa mara kwa mara havihitaji hata jina la trekta. Vina namba za dunia nzima.

Beringi ni mfano mzuri. Beringi iliyoandikwa 6205 ina tundu la milimita 25, kwa sababu tarakimu mbili za mwisho, 05, huzidishwa kwa tano. Ya 6206 ni milimita 30, na 6204 ni milimita 20. Kanuni hii huanzia kwenye 04 kwenda juu. Herufi zinazofuata nazo zisipuuzwe: 2RS ina kinga ya mpira pande zote mbili, ZZ ina kinga ya bati, na isiyo na herufi hizo kwa kawaida iko wazi. Beringi inayofanya kazi kwenye tope la majaruba ya mpunga haiwezi kubadilishwa na iliyo wazi kwa sababu tu namba ya mwanzo inafanana.

Sili za mafuta nazo huandikwa vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje na unene, kama 35-52-7 kwa milimita. Mikanda huandikwa herufi na namba. Herufi A, B au C ni upana, na namba inayofuata kwa kawaida ni urefu kwa inchi. Mkanda wa B una upana wa milimita 17 kwa juu. Pale mashine inapotumia mikanda miwili au mitatu pamoja, ibadilishwe yote kwa mara moja, kwani mpya ukifungwa pamoja na iliyovutika, mpya utabeba mzigo peke yake na kukatika.

Anayejua namba hizi anapata faida nyingine. Beringi ya 6205 ni ile ile iwe kwenye boksi la kampuni ya trekta au kwenye boksi la mtengenezaji wa beringi, lakini bei inaweza kuwa mbali. Namba inampa mnunuzi uhuru wa kulinganisha maduka.

Na kabla ya kuagiza kifaa cha upande mmoja, ifahamike kwamba katika katalogi kushoto na kulia huhesabiwa mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Anayesimama mbele ya rejeta na kutaja kulia kwake ataletewa cha kushoto.

Wajibu wa mwenye duka

Mzigo huu hauwezi kubebwa na mkulima peke yake. Wauzaji wengi wa spea huandika kwenye risiti neno “spea” au “vifaa vya trekta” na jumla ya fedha. Chini yake pamepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi anabaki na karatasi isiyoweza kumsaidia kununua tena kitu kile kile mwaka ujao.

Muuzaji anayeandika namba ya spea kwenye risiti hapotezi kitu. Anamfanya mteja arudi, maana mwakani mteja atapiga simu, atasoma namba, atatuma fedha, na spea itapakiwa kwenye basi la jioni. Anayeweka daftari la wateja, likionyesha kila mmoja ana mashine ya namba gani, anajua pia ni spea zipi aziagize kabla ya msimu na zipi zitamlalia kwenye rafu. Fedha iliyolala kwenye spea isiyotoka ni mtaji uliokufa. Kwa duka dogo la wilayani, tofauti hiyo inatosha kuamua kama duka litafunguliwa mwakani.

Ununuzi wa pamoja uangalie mbali

Hapo ndipo lilipo pia tatizo la ununuzi wa mashine zenyewe. Wilaya ikiwa na pawatila 60 za aina mbili, mfanyabiashara ana sababu ya kuweka spea zake. Ikiwa na pawatila hizo hizo 60 za aina kumi na mbili, kila aina ina mashine tano tu, na hakuna mwenye akili timamu atakayefunga mtaji wake hapo. Spea hazikosekani kwa sababu wafanyabiashara ni wavivu. Zinakosekana kwa sababu soko limekatwa vipande vidogo mno.

Kwa hiyo vikundi vya wakulima, vyama vya ushirika na halmashauri vinaponunua mashine kwa kuangalia bei ya chini peke yake, na kila mwaka vikapata aina tofauti, akiba inayoonekana siku ya zabuni hupotea siku mashine inapokufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkataba wa kununua mashine unapaswa kudai mambo matatu: katalogi ya spea yenye namba, akiba ya vifaa vinavyochakaa haraka, na duka au wakala aliyepo nchini. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, kina kazi ya kupima zana za namna hii. Mnunuzi wa kikundi ana haki ya kuuliza kama mashine anayouziwa imepimwa. Na pale spea ya kawaida kama bushi au pini inapokosekana kabisa, karakana za SIDO na za watu binafsi zinaweza kuichonga, mradi vipimo sahihi viwepo. Hapa pia kinachotakiwa kwanza ni namba iliyoandikwa.

Daftari la shilingi mia chache

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo umekaririwa sana kwa wenye maduka, lakini unamhusu mwenye trekta kuliko anavyodhani. Daftari dogo la shule linatosha. Ukurasa wa kwanza uwe na namba ya trekta, namba ya injini na mwaka ilipotengenezwa kama unajulikana. Kurasa zinazofuata ziandikwe kila kifaa kilichobadilishwa, namba yake, tarehe, bei na duka kilikonunuliwa. Krenki ikichongwa, iandikwe ni ya saizi gani. Kibati kilichofunikwa na kutu kisuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, kisha kipigwe picha kwa simu. Kilichokwisha kung’oka, namba yake itafutwe kwenye kadi ya usajili.

Kazi hiyo ifanyike kiangazi, mashine ikiwa imepumzika na fundi akiwa na nafasi, si siku ambayo wateja saba wamesimama shambani. Anayenunua trekta lililotumika adai daftari kama anavyodai kadi, na asiyeonyeshwa apunguze bei, kwa sababu atalazimika kuilipia historia hiyo mwenyewe, spea moja baada ya nyingine.